Muulize Fundi wa Seva: "Bili imepanda, mkurugenzi anataka kiyoyozi cha nne"

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: umeme wa chumba cha seva unakwenda wapi. Nimefanya kazi kwenye vyumba hivyo Dar es Salaam tangu 2006, na ni suala ninalolipenda. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ningependa isomwe na kila kijana anayekabidhiwa funguo za chumba cha seva.

Shikamoo Mama Fundi. Nina miaka 26, naangalia chumba cha seva cha taasisi moja hapa Tanga. Tuna raki nne za kupangia seva, seva 31, na viyoyozi vitatu vya ukutani, vyote vimewekwa nyuzi 16. Bili ya umeme inapanda kila mwezi na chumba bado kina joto. Mkurugenzi anasema tununue kiyoyozi cha nne. Mimi naona kama tunateka maji kwa pakacha. Nikiangalia prosesa, seva nyingi ziko asilimia 6 tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Muombe mkurugenzi akupe miezi mitatu kabla ya kununua chochote. Huenda hela hiyo isihitajike kabisa.

Umenieleza viyoyozi vizuri, lakini hukuniambia hizo seva 31 zinavuta wati ngapi. Anzia hapo. Umeme wote unaoingia kwenye seva unatoka kwa nyuma ukiwa joto, na kiyoyozi kazi yake ni kulibeba joto hilo kulipeleka nje. Ukipunguza wati moja kwenye seva, umepunguza pia kwenye UPS (ile mashine ya betri inayoshika umeme ukikatika) iliyokuwa inaipitisha na kwenye kiyoyozi kilichokuwa kinaitoa. Ukianzia kwenye kiyoyozi, seva itaendelea kula kama jana.

Chukua seva moja iliyokaa bure, inavuta wati 180. Ikiwa UPS yenu inapoteza asilimia 10, kwenye UPS zinaingia wati 200. Zote 200 zinageuka joto humo ndani kama UPS iko chumba hichohicho, na kiyoyozi cha kawaida kinahitaji kama theluthi moja ya hizo kulitoa nje. Jumla inafika karibu wati 265. Mwaka una saa 8,760. Hizo ni zaidi ya uniti 2,300 kwa mwaka, kwa mashine moja ambayo hakuna anayeihitaji. Zidisha kwa bei ya uniti mnayolipa, andika kwenye karatasi, umpelekee mkurugenzi. Wakurugenzi wanaelewa karatasi ya namna hiyo haraka kuliko maneno.

Asilimia 6 uliyoiona isikushangaze. Mwaka 2007 wahandisi wawili wa Google, Luiz André Barroso na Urs Hölzle, waliandika kwamba seva nyingi muda wao mwingi zinafanya kazi kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wao, na kwamba seva isiyo na kazi yoyote bado inavuta kama nusu ya umeme inaovuta ikiwa imeelemewa. Mashine za siku hizi zimejirekebisha kiasi, lakini zilizojaa kwenye vyumba vyetu ni za miaka kumi iliyopita, nyingine zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika. Kwa hiyo seva yako ya asilimia 6 hailipi asilimia 6 ya umeme. Inalipa nusu.

Jinsi ya kupima. Seva za Dell zina iDRAC na za HPE zina iLO, yaani mfumo wa kuiangalia seva kupitia mtandao. Fungua ukurasa wake, utakuta wati zimeandikwa. Kwenye Linux jaribu amri ya ipmitool dcmi power reading, mashine nyingi zitakujibu papo hapo. Zile za zamani zisizojibu zipime kwa klampumita, na hapa uwe makini: klampumita inabana waya mmoja wa moto peke yake. Ukibana kebo nzima utasoma sifuri, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Usichune kebo yenye umeme. Mwite fundi umeme akutengenezee kebo fupi ya kuunganishia yenye nyaya zilizoachana, utaitumia miaka yote.

Kisha andika daftari: seva ipi, wati ngapi, inafanya kazi gani, na mwenyewe ni nani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote.

Nikupe mfano. Kwenye ofisi moja niliyofanya kazi, seva zilipewa majina ya milima. Kulikuwa na moja, Meru, chini kabisa ya raki ya tatu, imebandikwa karatasi ya gundi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu: USIZIME. Mwandiko wa nani, hakuna aliyejua. Nilimuuliza kila mkuu wa idara, kila mmoja akasema labda ni ya idara nyingine. Miaka miwili nilipita mbele yake nikiiogopa. Mwishowe, Jumatatu moja, nilichomoa waya wa mtandao tu, mashine yenyewe nikaiacha inawaka, nikaandika tarehe kwenye daftari na kusubiri simu. Wiki ikapita. Mwisho wa mwezi ukapita, mishahara ikalipwa. Robo mwaka ikafungwa, hesabu zikatoka. Hakuna aliyepiga. Nikanakili diski zake, nikaziweka kabatini, nikaizima. Feni zake zilikuwa na mlio mwembamba niliouzoea bila kujua. Ziliponyamaza nikasikia tofauti ya chumba.

Sababu ya kusubiri mpaka robo mwaka ifungwe ni seva nyingine, ambayo niliichomoa kwa haraka nikasubiri wiki tatu tu. Siku ya 29 mhasibu akaja analia: ndiyo iliyokuwa inatoa ripoti ya kodi, mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo waya wa mtandao kwanza, umeme baadaye, na mwisho wa mwezi upite angalau mara tatu.

Kwa seva 31 nategemea utapata tatu au nne za aina ya Meru. Zinazobaki, zenye kazi ndogondogo, zihamishie kwenye mashine chache zenye nguvu kama seva pepe, yaani seva za kiprogramu zinazokaa nyingi ndani ya mashine moja. Ukijumlisha asilimia 6 mara 31 hupati hata kazi ya seva mbili kamili. RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ndiyo itakayokubana, kwa hiyo pima RAM kwanza, na ubakize nafasi ya kutosha mashine moja ikifa nyingine zibebe. Ukimaliza na seva sita badala ya 31 utakuwa umefanya kazi nzuri sana. Usikimbie. Hamisha moja kwa wiki.

Sasa tuje kwenye hizo nyuzi 16. Kiyoyozi cha ukutani kinapima hewa inayorudi kwake juu karibu na dari, wala hakijui hewa ipi inaingia kwenye seva. Ukikiwekea 16 hakitoi baridi kali zaidi. Kinachofanyika ni kompresa kutopumzika, kwa sababu inakimbiza namba ambayo haitafika. Chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kinashauri hewa inayoingia mbele ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Mbele ya seva, sikiliza hapo. Seva yenyewe ina sensa (kihisi cha joto) mbele, isome, acha kipimajoto cha ukutani.

Na kwa kuwa uko Tanga, kuna jambo ambalo mwenzako wa Njombe halimsumbui sana: unyevu. Weka ndoo chini ya bomba la maji la kiyoyozi kwa saa 24, kisha pima lita. Kuigeuza lita moja ya unyevu wa hewani kuwa maji kunakula karibu robo ya uniti. Chumba cha seva kilichozibwa vizuri kinatoa maji kidogo sana, maana seva hazitoi jasho. Ukikuta ndoo imejaa, basi mnakausha hewa ya bahari inayopita chini ya mlango. Nunua mpira wa kuziba mlango, ziba na matundu ya nyaya ukutani.

Baada ya hapo chukua uzi wa kushonea, wa urefu wa shibiri, usimame mbele ya raki. Ushike mbele ya kila nafasi tupu kati ya seva na seva. Uzi ukipepea kukujia, hewa ya moto ya nyuma inarudi mbele na seva inaivuta tena. Hapo ndipo joto lenu lilipo. Dawa yake ni vibao vya plastiki vya kuziba nafasi tupu, vinauzwa bei ndogo sana ukilinganisha na kiyoyozi. Maboksi ya karatasi usiyatumie, yanatoa vumbi na yanawaka moto. Na kama raki zenu zimepangwa zote zikitazama upande mmoja, ile ya mbele inampumulia mwenzake usoni. Zigeuze zitazamane mbele kwa mbele na kupeana migongo.

Ukishaziba, pandisha viyoyozi nyuzi moja, subiri siku mbili, soma sensa za seva na mwendo wa feni zake, kisha pandisha tena. Simama pale feni zinapoanza kukimbia. Umeme wa feni unapanda kwa mchemraba wa mwendo wake: ukipunguza mwendo kwa asilimia 20 unabaki na nusu tu ya umeme, na ukiongeza, hesabu hiyohiyo inakugeukia. Ndiyo maana sikushauri ukimbilie 27. Vyumba vyangu vingi vilitulia kwenye 23 au 24 mbele ya seva.

Niandikie baada ya miezi mitatu, uniambie lita za ndoo na idadi ya akina Meru.

Salaam aleikum Bi. Fundi. Niko Mombasa. Seva zetu zote zina pawasaplai mbili, moja kwa UPS A na moja kwa UPS B. A yasoma asilimia 62, B yasoma 58. Mdosi wangu asema tuko sawa maana hakuna iliyofika 70. Mimi roho yangu haitulii. (Msomaji wa Nyali)

Wa aleikum salaam. Roho yako inakuambia kweli. Seva yenye pawasaplai mbili, vile vifaa vinavyoipokelea umeme, hugawa mzigo, nusu huku nusu kule. Siku A ikizima, mzigo wake wote unamwangukia B: 62 na 58 ni 120. UPS nyingi zitabeba asilimia 120 kwa dakika chache tu, kisha zitajiondoa na kupitisha umeme wa nje moja kwa moja bila ulinzi. Na ikitokea stima imepotea saa hiyohiyo, chumba kizima kinalala.

Kipimo sahihi ni jumla ya zote mbili. A na B kwa pamoja zisizidi asilimia 80 ya UPS moja, yaani kila moja isimame kwenye 40. Nyinyi mmezidi kwa nusu nzima. Mnalipia UPS mbili na hamna hata moja ya akiba.

Fanya hesabu hiyohiyo kwenye breka za raki, huko ndiko mimi nilikoumia. Ilikuwa 2012. Raki moja ilikuwa na breka mbili za ampea 32, upande wa A ukivuta ampea 21 na B 20. Kila upande ulionekana una nafasi. Usiku mmoja tukazima A kwa ajili ya kubadilisha betri. B ikachukua ampea 41 na breka ikashika. Tukatazamana na fundi wa betri, tukaona mambo shwari, tukaendelea kufungua skrubu. Dakika ya arobaini, tak! Raki nzima giza, na hifadhidata ya wateja ikiwa humo. Ilichukua mpaka asubuhi kuirejesha, na watu waliokuja kupata huduma saa mbili walikuta foleni haisogei. Bado wananiuma wale watu.

Nilichojifunza: breka haikati papo hapo mzigo ukizidi kidogo. Ndani yake kuna kibati kinachopinda kikipata moto, na kupata moto kunachukua muda. Dakika tano za majaribio hazikuambii kitu. Kwa breka ya ampea 32, hesabu asilimia 80, yaani ampea 25.6, na hiyo ni jumla ya A na B. Kila upande usivuke 12.8.

Mambo mawili mengine kabla hujaenda kwa mdosi. Fuata kila kebo kwa mkono wako, kutoka kwenye seva hadi kwenye soketi. Nimekuta zaidi ya mara moja seva yenye pawasaplai mbili, zote zimechomekwa upande wa A kwa sababu kebo ya B ilikuwa fupi. Halafu ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi) ya seva zako uzipe muda tofauti wa kuwaka umeme unaporudi. Zikiwaka zote kwa pamoja, feni zinapaa hadi mwisho, diski zinaanza kuzunguka, na breka iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Panga swichi za mtandao na hifadhi za diski kwanza, hifadhidata zifuate, na zile zisizo za haraka ziwe za mwisho, kila kundi likipishana na jingine kwa dakika moja au mbili.

Mzigo utaupunguza kwa njia niliyomweleza kijana wa Tanga. Kununua UPS kubwa zaidi kuwe baada ya hapo.

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nafanya kazi Muscat. Tumekodi raki kwenye jengo la watu, kila raki tumepewa kilowati 5. Seva zetu mpya zimeandikwa wati 1,100 kwenye pawasaplai, basi mwenye jengo ametwambia tusiweke zaidi ya nne. Nimesikia mtu anaweza kuiwekea seva kikomo cha umeme. Je, haitokuwa nzito? (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam, kaka yangu. Ile 1,100 ni uwezo wa pawasaplai, kama vile bomba la inchi mbili halimaanishi maji yanatoka inchi mbili saa zote. Iwashe seva moja, ipe kazi yenu halisi ya siku yenye pilika kuliko zote, soma wati. Kisha ipe programu ya kuichosha, mfano stress-ng, usome tena. Tuseme kazi halisi haivuki 340 na kuchoshwa kunaifikisha 520. Weka kikomo kwenye 400. Seva 11 kwa wati 400 ni kilowati 4.4, na wati 600 zinabaki kwa swichi na dharura. Kutoka nne hadi kumi na moja, na mwenye jengo unamwonyesha namba alizoahidiwa.

Inavyofanya kazi: seva inajipima yenyewe mfululizo, na ikikaribia kikomo inapunguza mwendo wa prosesa mpaka irudi chini. Intel waliweka uwezo wa kupima na kuzuia umeme ndani ya prosesa yenyewe kwenye kizazi cha Sandy Bridge, 2011. Kwa HPE utaukuta mpangilio huo kwenye iLO na kwa Dell kwenye iDRAC, ingawa kuna watengenezaji wanaotaka ulipie leseni kubwa ndipo ufunguke, basi uliza kabla ya kununua. Uzito utauona pale tu kazi inapogonga kikomo. Kazi yenu ikiwa 340 na kikomo 400, siku za kawaida hakuna atakayejua. Hifadhidata ipe nafasi kubwa zaidi. Seva za kuchakata ripoti za usiku ndizo uzibane.

Kuna kosa moja naliona sana, na wewe nisingependa ulifanye. Watu wanaweka kikomo wakitegemea bili ishuke. Kikomo kinalinda breka na mkataba wako wa kilowati 5. Bili ni jambo jingine, maana kazi ikichukua saa tatu badala ya mbili, RAM, diski na feni nazo zinakaa macho saa tatu. Mara nyingine unamaliza umetumia uniti nyingi zaidi.

Kinachoshusha uniti kiko kwenye BIOS. Baadhi ya seva zinakuja zimewekwa kwenye hali ya nguvu kamili, au aliyezifunga alichagua hivyo akidhani ni jambo jema, na hali hiyo inavinyima viini vya prosesa, sehemu zake zinazofanya hesabu, ruhusa ya kulala. Rudisha hali ya uwiano. Kiini kilicholala usingizi mzito kinaamka kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Kwa soko la hisa hilo ni jambo zito, kwa barua pepe na mifumo ya ofisi hakuna binadamu atakayelihisi. Pima kabla, pima baada.

Na hizo pawasaplai mbili za 1,100 kwenye seva inayovuta 200: kila moja inabeba mia, asilimia 9 tu ya uwezo wake, na chini kiasi hicho pawasaplai nyingi zinapoteza sana. Kwenye alama za 80 PLUS, zinazoonyesha ufanisi wa pawasaplai, madaraja yaliyo chini ya Titanium hayadai ufanisi kwenye mzigo wa asilimia 10. Safari ijayo agiza pawasaplai ndogo. Au kama seva yako inaruhusu, iambie moja ilale ikisubiri na nyingine ifanye kazi. Uhamishe mzigo kwa zamu, seva nusu zitumie A, nusu zitumie B, usije ukajaza upande mmoja.

Mama Fundi, mimi ni mwanafunzi Dodoma. Mhadhiri ametupa kazi kuhusu PUE. Anasema chumba chenye PUE ndogo ndicho bora. Ni kweli siku zote? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu)

PUE ilienezwa na kundi la The Green Grid kuanzia mwaka 2007. Unagawa umeme wote unaoingia kwenye jengo kwa umeme unaofika kwenye seva, hifadhi na mtandao. Ikitoka 2, maana yake kila uniti ya seva inaambatana na uniti nyingine ya viyoyozi, UPS na taa. Google wanatangaza wastani wa karibu 1.1 kwa vituo vyao vikubwa. Chumba cha ofisi chenye viyoyozi vya ukutani kukuta 2 ni kawaida.

Sasa fanya hesabu hii kwenye kazi yako. Chumba kinavuta kilowati 18, seva zikichukua 10. PUE ni 1.8. Unazima seva zisizo na kazi, kilowati 3. Seva zinabaki 7. Viyoyozi na UPS vinapungua lakini kwa uchache, maana vina ulaji wao usiobadilika, tuseme jumla inakuwa 14. PUE sasa ni 2. Kipimo kimeharibika na bili imeshuka zaidi ya asilimia 20. Mpelekee mhadhiri hesabu hiyo. Ongeza na hii: feni zilizo ndani ya seva zinahesabiwa upande wa seva. Kwa hiyo anayepandisha joto la chumba mpaka feni zikapiga kelele, PUE yake inapendeza huku mita ikikimbia. PUE inakuambia habari za jengo. Kama seva zenyewe zina kazi ya maana, hiyo inabidi uipime kwingine.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule moja Moshi. Tuna seva moja ya mnara (ya kusimama, kama kompyuta ya mezani) na kompyuta 20 za wanafunzi. Je, niizime usiku au itaharibika kwa kuwashwa na kuzimwa? (Mwalimu Mkuu)

Shikamoo Mwalimu. Izime bila wasiwasi. Kuwashwa mara moja kwa siku hakuidhuru. Kinachoidhuru ni kuzimwa ukutani ikiwa inaandika kwenye diski. Mwombe kijana wa kompyuta aiwekee ratiba: saa kumi na moja jioni ifanye nakala rudufu, saa kumi na mbili ijizime yenyewe, na kwenye BIOS aiandikie iwake saa moja kasoro robo asubuhi. Ikiwa inavuta wati 80, saa hizo karibu kumi na tatu ni uniti moja kila usiku, na wikendi na likizo ni zaidi. Zile kompyuta 20 nazo zizimwe kabisa na vioo vyake, zisiachwe zimesinzia.

Asubuhi isipowaka yenyewe, kabla ya kumwita fundi, angalia saa ya BIOS. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya ubao mama imeisha. Inaitwa CR2032, ipo hata kwa mafundi saa.